Pale Rangi Mbili Zinapokutana: Maswali ya Wasomaji

Safari hii tunajibu maswali ya jambo moja tu. Barua zilizotufikia kutoka Mwanza na mwambao wa ziwa zinalirudia kila mara: ukuta umepakwa vizuri, rangi imechaguliwa vizuri, lakini mstari wa mahali rangi mbili zinapokutana umeharibika. Tumetanguliza swali ambalo jibu lake linabeba mengine, kwa hiyo wasomaji wa chini wasichoke tukiwarudisha huku juu.

*Sebule yangu ni ya rangi ya maziwa. Ukuta mmoja nimeuwekea bluu iliyokoza nusu ya chini. Nilibandika tepu ya karatasi, nikapaka mikono miwili (yaani mara mbili) ya bluu, nikaacha hadi kesho yake ndipo nikabandua. Bluu imepenya chini ya tepu, mstari una meno meno, na sehemu nyingine bluu imechanika ikaondoka na tepu. Tepu yenyewe niliinunua ya bei ya juu. Nimekosea wapi? – Msomaji, Buhongwa*

Hapo pana kasoro mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kupenya. Lipu, hata ikisuguliwa vizuri, ina vitundu na punje za mchanga. Tepu ikilala juu ya punje hizo huacha vijia vidogo chini yake, na rangi hunyonywa kuingia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi hupenya zaidi. Bei ya tepu haibadilishi hilo. Tepu nzuri hushika sawasawa na hubanduka bila kuacha gundi, lakini haiwezi kujaza shimo la ukuta.

Kinachozuia kupenya ni kuuziba ukingo wa tepu kwa rangi ileile iliyo chini ya tepu. Acha rangi ya maziwa ikauke saa 24 au zaidi. Piga mstari, kisha bandika tepu upande wa maziwa, ukingo wake wa chini ukifuata mstari. Ibandike kwa vipande vya urefu wa mkono mmoja bila kuivuta, maana tepu iliyovutwa hujirudi polepole na kupinda. Ukandamize ukingo huo kwa kadi ngumu ya plastiki. Kidole hakitoshi, kwa sababu kinasukuma katikati ya tepu na kuuacha ukingo wazi. Sasa chovya brashi kidogo kwenye rangi ya maziwa isiyozimuliwa, uipitishe kwa wepesi juu ya ukingo, ukitoka kwenye tepu kuelekea ukutani. Rangi hiyo itaingia kwenye vile vijia na kuviziba. Kwa kuwa ni rangi ya ukuta wenyewe, popote itakapopenya haitaonekana. Iache saa moja hadi mbili ikauke, ndipo upake bluu.

Mkono huo wa kuziba uwe mwembamba. Ukirundika rangi kwenye ukingo, ukibandua tepu utaacha tuta ambalo vidole vitalihisi na taa ya ukutani italimulika kila jioni.

Kama lipu yako ni ya mchanga mnene na haijapigwa skimu (tabaka jembamba laini la kumalizia ukuta), hata kuziba hakutatosha. Hapo tengeneza njia ya mstari kwanza. Paka skimu ukanda wa upana wa sentimita 10, tano juu ya mstari na tano chini, ukiikamua kwa bati la skimu hadi iwe nyembamba kabisa pembeni. Ikikauka piga msasa namba 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, upake ukanda huo rangi ya maziwa mikono miwili. Kuna kazi ya ziada hapo, lakini ni ya ukanda huo tu. Huna haja ya kupiga skimu ukuta mzima kwa sababu ya mstari mmoja.

Kasoro ya pili, kuchanika, ilitokana na kusubiri hadi kesho. Rangi ya maji ikikauka hufanya utando mmoja unaofunika ukuta na tepu kwa pamoja. Ukivuta tepu unavuta utando wote, nao unachanika popote unapotaka wenyewe. Bandua wakati mkono wa mwisho umeacha kung'aa kwa ubichi lakini haujakauka. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, madirisha yakiwa wazi, unafika hapo kwa nusu saa hivi, na masika inaweza kuwa saa nzima au zaidi. Ikunje tepu ijirudie yenyewe, uivute polepole kwa pembe ya kama nyuzi 45, ukiielekeza mbali na rangi mpya. Wakati mbaya kuliko yote ni ule wa katikati, rangi inapokuwa imeshika juu na bado laini chini, maana inavutika nyuzi nyuzi. Ukichelewa ukafika hapo, bora uache ikauke kabisa, kisha upitishe wembe mpya kwa wepesi kwenye ukingo wa tepu ukiongozwa na rula, ndipo ubandue.

Kuhusu ukuta wako ulivyo sasa: usihangaike kuyafukuza meno ya bluu kwa rangi ya maziwa. Rangi hafifu juu ya bluu iliyokoza itataka mikono mitatu na bado kivuli kitabaki. Sogeza mstari juu kwa sentimita 2, piga msasa namba 220 kulainisha vituta na mahali palipochanika, bandika tepu upya, ziba kwa rangi ya maziwa, upake bluu. Meno yote yatafunikwa.

*Wabeja sana (asanteni sana) kwa safu yenu. Kamati yetu ya shule imepaka darasa la mita 9 kwa 7: juu rangi ya maji nyeupe, chini rangi ya mafuta ya kahawia hadi mita 1.2, kwa sababu watoto huchafua ukuta. Fundi alipima mita 1.2 kutoka sakafuni kila baada ya hatua chache akaunganisha. Mstari unaonekana unapanda na kushuka. Tena rangi ya mafuta upande mmoja bado inanata, na sehemu nyingine inababuka. Upande huo lipu ilikuwa ya wiki mbili tu. – Mjumbe wa kamati, Sengerema*

Mjumbe, tuanze na mstari. Sakafu si kipimo. Sakafu nyingi za madarasa zimeachwa na mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke, na sentimita 2 au 3 za mteremko zikihamia ukutani zinaonekana tangu mlangoni. Kipimo ni maji.

Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, wa mita 15 hivi ili ufike kona ya mbali. Ujaze kwa kuuvuta maji kutoka kwenye ndoo, na uhakikishe hakuna povu hata moja ndani, kwa sababu povu linadanganya. Weka alama ya mita 1.2 kwenye kona moja. Mtu mmoja ashike ncha ya kwanza hapo, mwingine aende na ncha ya pili kona inayofuata, ncha zote mbili zikiwa wazi. Maji yakitulia kwenye alama ya kwanza, weka alama ya pili pale yalipo maji ya ncha nyingine. Zungukeni chumba chote kwa kurudi kila mara kwenye alama ileile ya kwanza. Ukipima kutoka alama ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya nne, kosa dogo la kila hatua linajikusanya. Pima maji ya mkono ya futi mbili inafaa kukagua, lakini haiaminiki kwa ukuta wa mita 9.

Kisha mstari wenyewe. Uzi wa pamba uliopakwa chaki ya shule au unga wa chaki ya bluu, ukivutwa hadi ukaze, unyanyuliwe katikati na kuachiwa mara moja tu. Ukizidi mita 4 unalegea katikati, kwa hiyo mtu mwingine aushikilie hapo kwa kidole, kisha piga upande mmoja halafu mwingine. Msitumie mkaa wala unga wa rangi nyekundu ya kupakia sakafu. Vyote viwili hujitokeza tena juu ya rangi nyeupe. Tepu ibandikwe juu kidogo ya mstari, ili alama ya chaki ibaki upande utakaofunikwa na kahawia.

Na jambo ambalo wengi hulisahau: angalieni kizingiti cha dirisha kiko wapi. Mstari ukipita sentimita 3 chini ya kizingiti ambacho hakiko sawa, jicho litalaumu mstari hata kama maji yamethibitisha. Ama ushusheni angalau sentimita 10 chini ya kizingiti, ama uishie pale pale kwenye kizingiti.

Sasa kunata na kubabuka. Hilo halitokani na rangi mbovu wala mkono wa fundi. Saruji mbichi ina alkali kali, na ikiwa bado na unyevu, alkali hiyo huyashambulia mafuta yaliyomo kwenye rangi na kuyageuza kitu cha jamii ya sabuni. Ndiyo maana inanata, kisha inaachia ukuta. Rangi ya maji ya juu imevumilia kwa sababu haijatengenezwa kwa mafuta. Kuongeza mkono mwingine wa mafuta juu yake ni kupoteza pesa. Kwangueni yote iliyolegea na inayonata, osheni, acheni lipu ifikishe wiki 4 au zaidi tangu ilipopigwa, masika zaidi ya hapo. Kupima unyevu, bandikeni karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, mzibe kingo zote kwa tepu, mwiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa na matone ndani, ukuta haujawa tayari. Ukikauka pakeni praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta) ya ukuta wa saruji inayostahimili alkali, kisha rangi ya mafuta mikono miwili, mkiacha saa 16 hadi 24 kati ya mkono na mkono.

Kwa tepu kwenye rangi ya mafuta: ibanduliwe rangi ikiwa bado mbichi, na msiiache kwa ajili ya mkono wa pili wa kesho. Mkono wa pili ama mbandike tepu mpya, ama mpake kwa brashi bila tepu mkiishia milimita moja chini ya mstari. Njia hii ya pili ndiyo tunayoipenda. Mkono wa kwanza umeshachora ukingo, hivyo hakuna atakayeiona hiyo milimita.

Hesabu ya darasa lenu: mzunguko ni mita 32, mara 1.2 ni kama mita za mraba 38. Lita moja ya rangi ya mafuta kwenye lipu laini inafunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa hiyo lita 8, yaani galoni mbili za lita 4, zinatosha mikono miwili mkitoa na mlango. Praima hesabuni peke yake, na inanyonywa zaidi.

*Mimi tepu haipenyezi rangi, ila nikiibandua inaondoka na rangi ya juu, vipande vya upana wa kiganja. Nyumba iko karibu na maji. – Dada wa Nyegezi*

Dada, rangi ya juu haijashika ukuta. Tepu imefichua tu. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, rangi ni ya chokaa au ni ya maji ya bei ya chini iliyozimuliwa kupita kiasi, na hakuna tepu itakayokaa salama hapo. Ukiona unga unaong'aa au manyoya meupe karibu na sakafu, hiyo ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Hapo shughulikia unyevu kwanza, kwa sababu chumvi itababua rangi yoyote utakayoweka.

Kama ni unga tu, kwangua kilicholegea, osha, acha ikauke, paka praima ya kufunga unga, kisha rangi. Subiri saa 24, jaribu kwa kipande cha tepu cha sentimita 10 mahali pasipoonekana. Kikibanduka safi, endelea. Kabla ya kubandika unaweza pia kuipunguzia tepu nguvu kwa kuigusisha kwenye suruali ya kazi mara moja au mbili. Usiiache juani. Tepu ya karatasi iliyopigwa na jua la dirishani kwa siku mbili gundi yake hugandana na ukuta. Ikishatokea, futa gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo sana, kisha maji ya sabuni, kisha maji matupu, la sivyo rangi inayofuata haitashika.

*Ukuta mmoja wa kijani, mitatu ya rangi ya udongo. Kwenye kona tepu inafuata kona lakini mstari unaonekana una mawimbi. – Baba wawili, Igoma*

Kona yako ndiyo yenye mawimbi. Kona za ndani za lipu ni nadra kunyooka, kwa sababu fundi huzimalizia kwa ncha ya mwiko. Ukiufuata mpindo, rangi mbili tofauti zinauonyesha zaidi.

Usiweke mstari kwenye kona yenyewe. Teremsha timazi (uzi wenye kitu kizito nchani) kutoka darini, chora mstari wima kwa penseli hafifu, milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kona, juu ya ule ukuta ambao huutazami unapoingia chumbani. Rangi ya ukuta mwingine izunguke kona na kuishia kwenye mstari huo. Jicho linaona unyoofu wa mstari, na kona inapotelea ndani ya rangi moja.

Kona ya nje, kama ya nguzo au mlango usio na fremu, usiigawe rangi mbili kabisa ukiweza kuepuka. Inagongwa na viti na mabega, na kila inapochubuka rangi ya chini hujitokeza. Peleka rangi hadi kona ya ndani iliyo karibu.

*Shikamoo fundi. Niko kwenye mafunzo ya kazi. Fundi wangu anapaka ukingo wa dari na ukuta bila tepu, kwa brashi tu, na unanyooka. Mimi wangu unatetemeka. Anasema nitazoea. Ni mazoea tu? – Kijana, Nyakato*

Marahaba, kijana. Mazoea ni sehemu yake, lakini kuna mambo ambayo mtu anaweza kukuambia leo.

Dari hupakwa kwanza, na rangi yake ishuke ukutani sentimita 1 au 2. Hapo ukuta ukija ndio unaochora mstari, na huna haja ya kuwa makini mara mbili. Kama kuna konisi ya jipsamu (urembo wa ukingoni mwa dari), kagua ufa kati yake na ukuta. Mstari hauwezi kunyooka juu ya ufa. Ujaze kwa akriliki ya tyubu (ziba laini ya nyufa) inayopokea rangi, mdomo wa tyubu ukatwe tundu la milimita 3, ulainishe kwa kidole chenye maji. Usitumie silikoni ya kawaida ya bafuni. Rangi haishiki juu yake, itateleza na kujikunja.

Brashi iwe ya inchi 2, yenye nywele zilizokatwa mshazari ukiipata, na isiwe ile iliyowahi kukaukia rangi. Brashi mpya ipige kiganjani na uioshe kwanza ili nywele zilizolegea zitoke. Usichovye kwenye ndoo ya lita 20. Mimina rangi kwenye kopo, kina cha sentimita 3 au 4. Chovya theluthi moja ya nywele, kisha gonga pande mbili ndani ya kopo. Wengi hukwangua brashi kwenye mdomo wa kopo, nayo inabaki kavu upande mmoja. Brashi kavu inaruka ruka, na kule kutetemeka kwako huenda kumeanzia hapo.

Pigo la kwanza liwe sentimita moja chini ya mstari, kazi yake ni kushusha rangi tu. Pigo la pili lipande taratibu: kandamiza mpaka ncha za nywele zifunguke, uzisukume zile ncha hadi ziguse mstari, kisha tembea. Mkono utembee kutoka begani, kifundo kikiwa kimetulia. Tazama mahali brashi inakoelekea, kama sentimita 5 mbele yake. Mtu anayetazama nywele za brashi yake hupinda. Nenda kwa urefu wa sentimita 40 hadi 50, kisha anza kipande kinachofuata pakavu ukirudi kukutana na pabichi.

Ngazi nayo inachangia. Macho yawe usawa wa mstari. Ukipaka huku umeinua kidevu, unauona mstari kwa mshazari na utakosea kila mara upande uleule.

Rangi ya ukingoni usiizimue. Ya mkono wa kwanza wa rola inaweza kuongezwa maji hadi asilimia 10, kama kopo linavyoelekeza, lakini ya mstari ikiwa nyepesi hushuka na kuchuruzika. Mwambie mwenzako aje na rola nyuma yako ukingo ukiwa bado mbichi, aikaribie hadi sentimita 2 au 3. Mkimaliza kingo za chumba chote asubuhi mkaja na rola mchana, ukanda wa brashi utaonekana umezunguka ukuta, na mkono wa pili hauuondoi wote.

*Nyumba yetu ya Isamilo imejengwa ikiegemea jiwe kubwa. Ukuta wa nje unakutana na jiwe bila mpangilio. Tepu haishiki jiwe kabisa. – Mama mwenye nyumba*

Mama, tepu haitashika. Granaiti yetu ina chembe na vumbi, na mara nyingi kuvu. Hapo hakuna njia ya mkato.

Piga brashi ya waya pale jiwe linapokutana na ukuta, toa kuvu na udongo. Osha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji. Iache robo saa, suuza vizuri, acha siku mbili za jua. Vaa glavu, na usichanganye dawa hiyo na nyingine yoyote. Mwanya mpana uzibe kwa saruji moja kwa mchanga tatu. Ufa mwembamba unaorudi kila mwaka unataka ziba inayonyumbuka, kwa sababu jiwe na tofali hupanuka kwa viwango tofauti juani.

Upake kwa brashi ya inchi moja, ukiishika kama kalamu, ukifuata umbo la jiwe. Mkono wa kushoto ushike kipande cha bati jembamba kuzuia matone, ukikifuta kila baada ya mapigo machache. Tembea na kitambaa kibichi mfukoni. Rangi ya maji ikidondoka kwenye granaiti ifute ndani ya dakika, kwa sababu ikikauka itadai maji moto na brashi ya waya. Tumia rangi ya maji ya nje. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya jiwe huingia ukutani, na rangi ya mafuta ingeyafungia humo yaisukume itoke. Na kama maji yanateremka jiweni moja kwa moja hadi kwenye ukuta, chimba mfereji mdogo wa kuyaelekeza pembeni kabla hujanunua rangi.

*Tunapaka nje, rangi mbili, tukiamka asubuhi mstari umejaa wadudu wa ziwani. Tufanyeje? – Kirumba*

Wadudu hao hutoka ziwani kwa wingi zaidi siku zinazozunguka mwezi mwandamo, na hufuata taa. Kazi ya mstari wa nje isogezeni mbali na siku hizo. Rangi ya maji malizeni kabla ya saa tisa alasiri, ya mafuta kabla ya saa sita mchana kwa kuwa inahitaji saa 4 hadi 6 kushika juu. Taa ya nje ya upande huo izimwe usiku. Asubuhi nako msianze hadi umande ukauke ukutani, hasa upande unaotazama ziwa.

Waliokwisha kunasa msiwafute rangi ikiwa mbichi, mtachora michirizi. Rangi ikikauka, wapanguseni kwa brashi kavu, pigeni msasa namba 220 kwa wepesi, mguse na rangi.

*Chumba cha mita 4 kwa 3.5, mstari mmoja kuzunguka. Roli ngapi za tepu, na upana gani? – Msomaji, Nansio*

Mzunguko ni mita 15. Roli moja ya upana wa milimita 24 inatosha, lakini soma urefu ulioandikwa kwenye roli kabla ya kulipa, kwa kuwa zinatofautiana, na nyingine huwa fupi kuliko unavyodhani. Tepu ya milimita 48 ina faida pale tu utakapopitisha rola karibu na mstari. Vinginevyo inakuwa ngumu kunyoosha, maana ikikosea ncha moja upana wote unafuata. Zile za nailoni za kufungia maboksi ziache dukani. Zinateleza chini ya rangi, na zikivutwa huondoka na zaidi ya ulichotaka.